Wasifu wa Marehemu Mwalimu Roselida Navalayo Shiundu, Aliyejua Kila Mtoto Asome Nini

Waombolezaji, leo Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, hapa nyumbani kwake Navakholo, tunamsindikiza Mwalimu Roselida Navalayo Shiundu, na kwa mara ya kwanza hatatuuliza tunasoma nini. Waliokuwa wakimkwepa sokoni sasa wanaweza kutembea wima. Ila mumewe, Lazarus, hana raha hiyo. Kwa miaka ishirini na moja alimwomba marehemu amwambie mwisho wa hadithi moja tu ya watoto, na marehemu hakumwambia.

Mwalimu alizaliwa Butere tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Zakayo Ambani na marehemu Mama Dorika. Baba yake alifagia mabehewa katika stesheni ya Butere, pale reli inapoishia. Abiria wakishashuka, Mzee Zakayo aliingia na ufagio akakusanya kilichobaki: maganda ya ndizi, kiatu cha mguu mmoja, na siku ya bahati, kitabu. Kitabu cha kwanza cha hadithi alichomletea binti yake hakikuwa na jalada wala sura ya kwanza. Dada yake mdogo, Mideva, ambaye amekaa pale mbele akilia na kucheka kwa zamu, anakumbuka alivyomuuliza, “Sasa utasoma aje hadithi haina kichwa?” Navalayo akamjibu, “Kichwa nitaweka mimi.” Akaweka. Mideva anasema kichwa kile kilikuwa kitamu kuliko mwili wote uliofuata.

Alisomea shule ya msingi na ya upili huko huko Butere, akamaliza mwaka 1983. Aliadhibiwa mara nyingi kwa kosa lile lile, kusoma riwaya chini ya dawati wakati wa hesabu. Mwalimu wa hesabu aliwahi kumnyang'anya moja, akakaa nayo wiki nzima, halafu akamwita pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama kuna sehemu ya pili. Navalayo aliingia chuo cha ualimu, akapata cheti mwaka 1987.

Januari 1988 alipangiwa shule moja ya Navakholo, ambayo uongozi wake umeiomba familia isiitaje, nasi tumekubali, ingawa nusu ya waliokaa hapa walisoma pale na nusu nyingine walifukuzwa. Hapo alifundisha hadi ugonjwa ulipomtoa. Alipewa darasa la tano na kabati la vitabu vya hadithi. Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulipotea wiki aliyoripoti. Hadi leo haujapatikana, wala hakuna aliyeambiwa autafute.

Kazi yake hasa ilikuwa na watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili, wale ambao meno ya utotoni yamekwisha na ndevu bado hazijawaza kuja. Alimpima mtoto kwa macho kama fundi cherehani, kisha akampendekezea riwaya. Mvulana aliyekataa kusema darasani alipewa hadithi ya golikipa. Msichana aliyezika nyanya yake alipewa riwaya ambamo nyanya anakufa katika sura ya tatu. Wenzake wakashtuka. “Mbona unamtonesha mtoto?” Akawajibu, “Angalieni zimebaki kurasa ngapi baada ya sura ya tatu. Zote ni za kupona.” Orodha rasmi ya vitabu vilivyopendekezwa aliiheshimu sana. Aliitandika chini ya kabati, mchwa wakaitumia.

Wazazi hawakufurahi wote. Mwaka 2002 mwenyekiti wao, Bwana Osiako, aliitisha mkutano akapunga riwaya moja hewani.

“Humu ndani mtoto anamdanganya mwalimu! Hii ndiyo mnafundisha watoto wetu?”

“Mwenyekiti, umeisoma?” Mwalimu akauliza.

“Siwezi kusoma uchafu. Nimeambiwa.”

“Umeambiwa na nani?”

“Na mtoto wangu.”

“Kumbe amesoma yote,” Mwalimu akasema. “Mtoto ambaye mwaka jana ulisema kichwa chake ni cha kubebea kuni.”

Bwana Osiako yuko nasi leo kama mwenyekiti wa kamati ya mazishi, kwa kuwa kuna watu waliozaliwa wenyeviti. Amekuwa muungwana. Amekubali habari hii isomwe baada ya kuikataa mara mbili.

Tarehe 14 Desemba 1991 Mwalimu alifunga ndoa na Lazarus Shiundu, dereva wa trekta la miwa. Alifika kwa wakwe na katoni nzito mbili. Mama mkwe akauliza, “Hizo ni sufuria?” Akaambiwa ni vitabu. “Ah. Basi tutakula vitabu.” Wakajaliwa Sylvia mwaka 1994 na Bravin mwaka 2001.

Hapa wasifu wa kawaida ungesema waliishi kwa upendo na masikizano hadi kifo. Lazarus amekataa usemwe hivyo. Lazarus alikunywa. Alikunywa busaa, na busaa ilipomchosha akanywa kile kingine kisicho na rangi. Majirani wa boma hili wanajua kwamba redio ya nyumba ile ilikuwa na kelele kuliko kanisa, na wanajua ilipandishwa sauti saa ngapi, na kwa nini. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Jioni moja ya Mei 2004 Lazarus alirudi mapema, maana yake alirudi akiwa bado anauona mlango. Sylvia, mwenye miaka kumi, alikuwa jikoni akimsomea mama yake kwa sauti huku mama akisonga obusuma, ugali wetu. Lazarus akaketi kwenye kigoda akasikiliza. Kilikuwa kitabu chenye jalada la kijani, cha mvulana aliyeweza kujua hali ya baba yake kwa kusikia tu mlio wa viatu. Kisha Sylvia akasoma sentensi ambayo Lazarus ameikariri hadi leo: “Baba alipoingia, mama alipandisha sauti ya redio ili majirani wasisikie.”

Lazarus akageuza shingo taratibu. Redio yao ilikuwa juu ya meza, na kitufe cha sauti kilikuwa kimelika kwa kushikwa.

“Nani ameandika hii?”

“Ni kitabu, baba.”

“Nauliza nani amepelekea watu mambo ya nyumba yangu!”

“Baba Sylvia,” Mwalimu akasema bila kuacha mwiko, “huyo aliyeandika hajui hata Navakholo iko wapi. Kaa mtoto amalize.”

Hakukaa. Alikinyakua kitabu, akatoka nacho nje, akakitumbukiza katika choo cha shimo. Akarudi, akazima redio, akalala na viatu.

Siku zikapita. Halafu jioni moja Lazarus akasimama mlangoni mwa jikoni, hajaonja kitu, anakuna shingo.

“Mama Sylvia. Huyo baba wa kitabu. Alifanya aje mwishowe?”

“Baba yupi?”

“Usinichezee.”

“Kitabu kiko chooni. Inama ukiulize.”

Ndivyo ilivyoanza. Lazarus alienda hadi Kakamega mjini akazunguka maduka ya vitabu. “Mko na kile kitabu cha kijani?” “Cha nani, mzee?” “Cha baba mmoja anakunywanga.” “Hivyo ni vingi, mzee.” Akarudi mikono mitupu. Na kwa kuwa ni mtu mkaidi tangu tumboni, akajiwekea hesabu yake. Ikiwa yule baba wa kitabuni aliacha pombe, yeye Lazarus hangekubali kushindwa na mtu wa karatasi. Ikiwa hakuacha, yeye angempita. Kwa vyovyote ilibidi aache kwanza. Akaacha. Kila Krismasi alimuuliza mkewe, “Sasa waweza niambia?” Mkewe akamjibu, “Endelea.”

Alimwendeleza kweli. Alianza kumpendekezea riwaya za watoto wa darasa la tano, na Lazarus akazisoma juu ya trekta, katika foleni ya kupima miwa. Madereva wenzake wakamcheka. “Lazaro, siku hizi uko darasa la ngapi?” “La tano,” akawajibu. “Wewe nitakungoja ufike.”

Mwezi wa Februari 2024 chakula kilianza kumkwama Mwalimu kooni. Hospitali ya Kakamega ikamtuma Eldoret, na Eldoret wakasema ni saratani ya umio, tena imekaa. Wodini alimpendekezea nesi riwaya ya kumpelekea mtoto wake, akampendekezea daktari riwaya ya kusoma yeye mwenyewe. Lazarus alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akamsomea, akamfulia, na hakuna muuguzi aliyemshinda. Kufikia Juni mwaka huu sauti ya Mwalimu ilikuwa imekwisha. Tarehe 11 Julai madaktari wakasema arudishwe nyumbani.

Siku hiyo hiyo Lazarus alirudi kwenye pombe.

Kamati ilitaka tuiruke sentensi hiyo. Asubuhi alikuwa mume, jioni alikuwa mzigo wa kubebwa. Bravin alimtafuta kwa pikipiki akamleta, kesho yake akamtafuta tena. Sylvia alikaa na mama yake na hakupandisha redio yoyote.

Jumapili tarehe 3 Agosti, asubuhi, Lazarus aliingia chumbani akiwa mkavu, hajaonja kitu. Alipiga magoti kando ya kitanda. Sylvia alikuwa amesimama upande wa pili na kikombe.

“Mama Sylvia, sikuulizi tena baada ya leo. Yule baba. Alifika?”

Mwalimu akainua kidole akamwonyesha Sylvia. Lazarus akadhani anataka maji, akachukua kikombe, akamlowesha midomo. Mwalimu akamwonyesha Sylvia tena. Sasa Lazarus akadhani amefukuzwa, kwamba mkewe anamtaka mtoto tu na yeye aondoke. Akainuka, akaondoka. Hakuna aliyemwita arudi. Sylvia anasema alifikiri baba ametoka kulia.

Mwalimu alifariki Jumanne tarehe 5 Agosti kabla ya jua kuchomoza. Mumewe alipatikana asubuhi amelala katika miwa ya jirani.

Alhamisi Sylvia alimkuta jikoni, kwenye kigoda kile kile. Watu walikuwa nje wakipiga hema. Akachuchumaa mbele yake.

“Baba, mama alikuwa anakwambia uniulize mimi.”

“Nikuulize nini?”

“Kile kitabu. Nilikuwa nimekimaliza kabla ya kukisoma kwa sauti. Hakikuwa na mwisho, baba. Guka, baba yake mama, ndiye alikitoa kwa behewa. Kurasa za nyuma zilikuwa zimeng'oka.”

Lazarus akamtazama kama mtu aliyeambiwa shamba lake halina ardhi.

“Kinaishia wapi?”

“Baba amesimama nje ya mlango. Ameshika kitasa. Kijana yuko ndani anasikiliza viatu, na hajui vinasema nini.”

“Basi?”

“Basi.”

“Na mama yako alijua?”

“Alijua. Alisema nikikwambia hakuna mwisho, utalala, utaacha kujikaza.”

Lazarus akaangalia pale mezani palipokuwa na redio. “Kwa hivyo miaka hii yote nilikuwa nashindana na mtu hajafika?”

“Ndiyo, baba.”

“Bado ameshika kitasa.”

“Bado.”

Akaomba chai.

Kamati ilipokaa kupitia programu hii, Bwana Osiako aliweka kalamu mezani. “Mambo ya pombe na choo hayawezi kusomwa mbele ya watumishi wa Mungu. Tena marehemu alikuwa mwalimu! Majirani watasikia.”

Lazarus alikuwa amekaa pembeni na koti la mazishi ambalo halijamkaa. “Isomwe,” akasema.

“Mzee Lazaro, fikiria jina lako.”

“Redio ilipandishwa sauti vya kutosha, Osiako. Wacha wasikie.”

Mwalimu amemwacha mume wake Lazarus. Watoto wake Sylvia wa Butere, mwalimu kama mama yake, na Bravin, fundi wa simu pale Kakamega. Dada yake Mideva. Mjukuu mmoja wa miaka tisa ambaye ameshapimwa kwa macho na kupewa kitabu. Na kabati moja lisilo na ufunguo, ambalo shule isiyotajwa imeahidi kutolifunga.

Hadi karatasi hii inapelekwa mjini kuchapishwa, Lazarus hajaonja tangu Alhamisi ile. Kuhusu kesho, familia haijui, naye hakutaka tuandike kwamba tunajua.

Mwisho kuna ombi. Inawezekana mahali fulani ipo nakala nzima ya kitabu kile cha kijani, yenye kurasa zote za nyuma. Kama unayo, ndugu mwombolezaji, soma, mpe mtoto wako asome. Lakini tunakuomba usiilete katika boma hili.

Mwalimu, Mungu akupe pumziko, na akupe kitu cha kusoma.