Kunde za Safu Kavu

MAMA: Haloo! Nani mwenzangu?

BINTI: Mimi, mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Mimi nani? Sauti kama uko ndani ya pipa.

BINTI: Mwanao! Hii simu ya mwenzangu wa chumbani, yule anayesoma falsafa. Yangu imezima.

MAMA: Ooh, Profesa! Umenishtua. Siku hizi namba nisiyoijua naiogopa. Ile ya hospitali nayo ilianza hivi hiv—

BINTI: Najua, mama. Pole. Unalala lakini?

MAMA: Kitanda kimekuwa kikubwa. Haya, niambie. Kesho ndiyo siku yenyewe?

BINTI: Kesho asubuhi. Tunasimama ukumbini, kila mwanafunzi na bango la utafiti wake, majaji wanapita. Atakayeshinda anaendelea na masomo, chuo kinamlipia.

MAMA: Utashinda. Baba yako alise—

BINTI: Mama, subiri. Nataka kukuuliza kitu, na usinifiche. Zile kunde zangu za utafiti, za hapo uani.

MAMA: ...Eeh.

BINTI: Safu ya mwisho. Safu kavu. Si nilisema zikishaota zisipate hata tone?

MAMA: Ulisema. [mkwaruzo] Huu mtandao huu, haloo? Sikusikii.

BINTI: Unanisikia, mama.

MAMA: ...Nakusikia.

BINTI: Nilipokuja mazishini nilichota udongo nikarudi nao. Mwalimu wangu ameupima maabara. Safu kavu ina maji karibu sawa na safu ya maji! Na mimi nimeshaandika kwenye bango kwamba mbegu hii inastahimili kiangazi. Ulikuwa unapima urefu kwa futi yako ya kushonea, unanitumia, mimi huku nafurahi, najiona nimegundua kitu—

MAMA: Futi yangu haijadanganya. Nilipima nilichokiona.

BINTI: Sijasema umedanganya. Nani alizimwagilia?

MAMA: [anaendesha cherehani]

BINTI: Mama.

MAMA: Kwani humjui baba yako?

BINTI: Baba? Baba alikuwa hafiki hata mlangoni!

MAMA: Alifika. Figo zilipomgomea, daktari si alimpimia maji ya kunywa kwa kikombe? Basi anakaa pale barazani, midomo imempauka, anazitazama zinavyoinamisha majani. Siku moja akaniambia, "Mama Profesa, mimi nimekatazwa na daktari. Hawa nao wamekatazwa na nani?" Nikamwambia, na binti yako. Akacheka, akakohoa mpaka... basi. Jioni namkuta kashika ukuta, anazimwagia maji aliyonawia. Nilimgombeza! Unamharibia mtoto, nikamwambia. Akasema hawezi kukaa anatazama kiumbe kinakufa kwa kiu, wakati yeye kiu anaijua.

BINTI: [anapenga kamasi]

MAMA: Unalia?

BINTI: Mafua.

MAMA: Aliniapisha nisikwambie. Siku utakayovaa joho angekwambia mwenyewe, mcheke wote.

BINTI: Kila siku alikuwa anamwagia?

MAMA: Mpaka asubuhi ile gari la hospitali lilipomfuata. Sasa nisikilize. Nani mwingine anajua?

BINTI: Mwalimu anajua udongo ulikuwa na maji. Hajui kwa nini. Amesema bango ni langu, niamue mwenyewe.

MAMA: Basi sema bomba lilipasuka. Au sema ni mimi, mshona nguo, nilisahau. Usimsimamishe baba yako mbele za watu aonekane kakuharibia maisha. Kalala yule. Mwache alale.

BINTI: Na nikishinda, wakulima wagawiwe mbegu hii? Mtu apande shamba zima kwa kuniamini mimi, mvua igome, watoto wake wale bango?

MAMA: Ndiyo wanayowafundisha hayo?

BINTI: Huyu mwenzangu wa falsafa ndiye aliyenifundisha hayo. Yuko hapa kitandani, anajifanya anasoma. Kitabu kakigeuza juu chini.

MAMA: [anacheka kidogo] Msalimie. Kwa hiyo hushindi.

BINTI: Sishindi, mama.

MAMA: Jamani. Na alivyokuwa akikuita Profesa tangu hujajua kufunga viatu.

BINTI: Nitamtaja. Si kwa kumlaumu. Nitasema mgonjwa aliyekatazwa maji alizionea huruma, na ni baba yangu.

MAMA: Useme na kwamba alikuwa mtu mzuri.

BINTI: Nitasema.

[mkwaruzo]

MAMA: Lakini... haloo, upo?

BINTI: Nipo, ila salio la watu linakwisha.

MAMA: Tangu aondoke sijazigusa. Nilisema safari hii nimfuate mtoto alivyotaka. Majani yamejikunja, wiki hii zinakwenda. Si ndiyo safu kavu ya kweli sasa? Nikiziacha, nitakupimia, utapata cha kuwaonyesha. Hata kama si kesho.

BINTI: [kimya kirefu]

MAMA: Haloo? Sema neno. Niziache?

BINTI: Zimwagilie.

MAMA: Na utafiti wako?

BINTI: Zimwagilie, mama! Sitaki kitu kingine kife pale uani.

MAMA: Haya. Haya, mwanangu. Nikimaliza hili gauni la mteja—

BINTI: Sasa hivi. Nenda na simu, usikate.

MAMA: Naenda. Ngoja... mlango... Hizi hapa. Masikini, zimelala kabisa. [maji yanamwagika] Unasikia?

BINTI: Nasikia. Ongeza, mama. Ongeza na kwenye mi—

[tii, tii, tii]

MAMA: Haloo? Profesa? ...Imekata. [maji] Haya, kunyweni. Kunyweni, hakuna anayewakataza.