Praxeda Ernesti, Aliyeisoma Damu Yake Mwenyewe

Marehemu Praxeda alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 kwenye kambi ya shamba la mkonge huko Mwera, Pangani, mtoto wa kwanza wa Bertha na hayati Ernesti. Alipotimiza mwaka mmoja vidole vyake vilivimba, akalia siku nne. Majirani walisema ni jicho baya. Mama yake, akidhani anashusha homa, alimwogesha maji ya baridi. Miaka mingi baadaye ndipo alipoambiwa kuwa baridi ilimzidishia maumivu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1945, baada ya familia kuhamia Chumbageni, akamaliza darasa la sita mwaka 1952, kwa miaka minane kwa sababu ya kuugua. Mvua ikinyesha, mama yake alikaa mlangoni akisikiliza kama anarudi akiburuza mguu.

Mwaka 1953 alipata kazi Amani, katika maabara ya utafiti wa magonjwa. Kwanza aliosha vioo, kisha akafundishwa kuipaka damu rangi na kuitazama kwa darubini. Huko ndiko alikoujua ugonjwa wake: chembe za damu yake zikipungukiwa hewa hujipinda kama mundu na kuziba mishipa, na kasoro hiyo imo ndani ya chembe yenyewe, imerithiwa kwa baba na kwa mama. Walipokwenda vijijini kupima damu na watu wakakimbia wakidhani damu yao inakwenda kuuzwa, alijitoboa yeye kidole kwanza. "Njooni, mama zangu," aliwaambia. "Yangu mbovu, na wameichukua, na bado nasema sana."

Kristofa, dereva pale Amani, alipomposa mwaka 1956, Praxeda alimwomba tone la damu.

"Nimeambiwa nilete mahari, sikuambiwa nilete damu!"

"Mahari atapokea baba mdogo. Damu napokea mimi."

Alilifunika tone kwa kioo, akaziba pembeni kwa mafuta mazito hewa isiingie, akamwacha mchumba asubiri hadi kesho yake. Chembe zilibaki duara; hakuwa na kasoro ile. Walifunga ndoa tarehe 5 Januari 1957. Hawakujaliwa mtoto.

Julai mwaka huu kifua kilimbana, akalazwa Tanga. Alimwomba mama yake jambo moja: akifa, madaktari waupasue mwili wake wautazame, kwa ajili ya mdogo wake Lea, mwenye miaka kumi na mmoja na ugonjwa huohuo. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Agosti 1958, saa tisa alasiri.

Baba yake mdogo, Methusela, alikataa. "Shemeji, tumzike mzima."

"Mzima gani, Methusela? Miaka ishirini na miwili huyu hajakaa mzima hata msimu mmoja. Na Lea nikamwambie nini?"

Mama alitia sahihi, akakaa kwenye benchi nje mpaka walipomaliza. Daktari alimweleza kuwa bandama lilikuwa limesinyaa likabaki dogo kama korosho. Mama aliuliza kama sasa dawa itapatikana. Daktari akasema bado. Mama hajui kama alifanya vema. Alifanya alichoombwa na mwanawe.

Marehemu ameacha mume, Kristofa, mama, Bertha, baba mdogo, Methusela, na mdogo wake Lea, ambaye yu hai, na ambaye tunaomba mumwombee yeye pia.

Bwana amlaze Praxeda mahali pasipouma kitu.