Bwana Mkoba na Viduara vya Penseli

Ifikapo tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mchapishaji wetu mkuu anastaafu. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Bwana Mkoba. Jina hilo, tuseme ukweli, hatukumpa kwa mapenzi.

Alianza kama msahihishaji wa prufu kwenye kile chumba cha nyuma ya mitambo, ambako harufu ya wino iliingia mpaka kwenye chai. Akapanda: mhariri, mhariri mkuu, hatimaye mchapishaji. Chini yake tumetoa vitabu vya shule ambavyo watoto wamevisoma mpaka majalada yakabanduka, na walimu husema vinateleza mdomoni. Hongera zake. Lakini mtu wa namna gani hufika juu hivyo bila kukaa hata kwenye kikao kimoja cha jioni?

Maana saa kumi ikifika, huyoo, keshatoka. Kwapani mkoba wa ngozi, ndani ya mkoba mswada. Ukimuuliza anaupeleka wapi, anatabasamu na kusema kazi nyingine hazifai kufanyiwa ofisini. Tabasamu lile! Nani hutabasamu hivyo kama hana jambo?

Kesho yake mswada unarudi na viduara vya penseli. Tulivichunguza sana. Havikuzunguka makosa, vilizunguka sentensi nzima nzima ambazo sisi tuliziona tamu ajabu, naye alitaka zote ziandikwe upya, bila maelezo. Mhasibu, ambaye humshuku hata mtu anayemsalimia, akasema hizo ni alama anazowekewa mtu wa nje. Tukacheka, ila roho hazikutulia.

Kisha wapinzani wetu wakatoa riwaya iliyofanana na yetu kama pacha, na yetu bado iko mitamboni. Hapo tukaona hakuna tena la kuuliza. Wakurugenzi wakamwita aeleze miswada inakwenda wapi, la sivyo aache kazi. Akautoa mswada mkobani, akauweka mezani. Akaulizwa tena, akafunga mkoba wake. Sisi tulishakata shauri kwamba safari hii kapatikana.

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia mkewe. Dereva wa ofisi ndiye aliyempelekea habari. Wengi wetu hatukuwa tumemwona tangu alipopata kiharusi. Tulijua tu kwamba mama watoto hatoki. Hakumsalimia mtu. Akauchukua mswada mezani, akasimama, akaanza kusoma kwa sauti.

Alisoma polepole, mdomo ukivutika upande mmoja. Alipofika kwenye kiduara cha kwanza, ulimi ukakwama. Akarudia, ukakwama tena. Cha pili vilevile. Tuliona aibu, na tulistahili kuiona. Kumbe daktari alikuwa amemwagiza mama asome kwa sauti kila jioni ili ulimi upate nguvu. Magazeti yalimchosha, hadithi za watoto zilimuudhi, basi mumewe akawa anamletea miswada na kukaa pembeni na penseli, mabinti zao wakisikiliza.

Mkurugenzi mmoja akauliza kwa upole kwa nini hakusema mapema. Bwana Mkoba akainuka, akamvutia mkewe kiti, ndipo akajibu.

"Mngesema yeye ndiye anayekwama. Mimi naona sentensi ndizo mbovu."

Baadaye ikabainika kwamba mwandishi wa riwaya ile alikuwa amewapa mswada huohuo wapinzani wetu na sisi. Tukamwomba radhi Bwana Mkoba. Akatupa tabasamu lake lilelile, na saa kumi akaondoka. Mhasibu bado anamshuku: anasema mtu huyu hatamaliza wiki mbili nyumbani kabla hajaja kuchungulia prufu zetu. Kwa hilo, hata sisi hatumwamini.

Bwana Mkoba, asante kwa kazi, na utuwie radhi kwa macho yetu ya pembeni. Tunakuombea afya na jioni nyingi za raha, wewe, mama na mabinti.

Wasifu huu utasomwa ukumbini na mkewe. Ameomba mwenyewe, nasi tumekubali kwa furaha na kwa woga mwingi, tukauandika upya mara kadhaa. Ndugu wageni, akikwama mahali popote, msimtazame yeye. Tutazameni sisi tuliouandika.