Madoa Meusi Kwenye Daraja la Masama

Mgeni rasmi, mheshimiwa mhandisi; mwenyekiti wa kijiji; wazee wetu, shikamooni; na ninyi nyote mlioacha migomba yenu asubuhi hii, karibuni sana. Pole na barabara, mheshimiwa. Tumeona tope kwenye suruali yako tukafurahi, maana sasa tutaelewana.

KIKUNDI CHETU

Sisi ni watu wanne kutoka Moshi mjini: Shakiru wa studio ya picha, ndiye anayekusomea risala hii; Filemon, mwalimu wa ufundi; Given wa kompyuta; na Margareta, mchora mabango. Margareta ndiye aliyestahili kusoma. Alikataa, akasema ataishia kulia tu.

Margareta ni mzaliwa wa hapa. Mama yake, Bibi Aika, anakaa ng'ambo ya mto. Daraja hili la miguu lilifungwa baada ya masika, kwa kuwa hakuna aliyejua kama boriti zake bado zina nguvu. Tangu hapo mama huyo anazunguka mwendo wa saa mbili nzima kwenda zahanati, na miguu imevimba. Mara ya mwisho aliishia njiani, akarudi. Margareta aliposikia alikuja studio amefura, akauliza kama mjini kuna mwenye elimu au ni vyeti tu.

KAZI TULIYOFANYA

Filemon akamweleza taratibu. Boriti ikibebeshwa mzigo inapinda na kuvutika, ila kidogo mno, jicho halioni. Kwa hiyo unaipaka rangi nyeupe, unanyunyizia vidoa vyeusi, unapiga picha. Unaweka mzigo, unapiga tena bila kutikisa kamera. Kompyuta inafuata kila kidoa: kimehamia wapi, na kwa kiasi gani. Vikihama kwa mpangilio, mbao ni nzima. Vikikimbiana mahali pamoja, hapo pana ugonjwa.

Vidoa vya brashi vilitoka vikubwa mno. Vya pampu vikafanana, kompyuta ikavichanganya. Margareta akachukua mswaki, akauchovya kwenye rangi, akaukwangua kwa kitana. Kila kidoa kikatoka na sura yake. Given mpaka leo haamini.

KILICHOTUKWAMISHA

Ni barua yetu wenyewe, hatumlaumu mtu. Tuliomba "ruhusa ya kulitia doa daraja la Masama mbele ya wananchi." Ofisi moja ikajibu kwa ukali kwamba haitavumilia kikundi chenye nia ya kuchafua miradi ya maendeleo. Tukaitwa kuhojiwa. Margareta akaenda na mswaki wake, akamnyunyizia bosi wa ofisi ile madoa kwenye karatasi nyeupe huku akimweleza, mpaka bosi akacheka na kuagiza chai. Ruhusa ikatoka siku hiyohiyo.

Tukapanga viroba thelathini vya mchanga juu ya daraja. Boriti mbili zikatulia. Ya tatu, iliyokuwa nzuri kwa macho kuliko zote, vidoa vyake vikakimbiana katikati. Kuichimba kwa patasi, lo, ndani ni unga mtupu. Kijiji kikatoa mti mpya, Filemon akaufunga. Tukapima tena, safari hii kwa viroba sitini, na vidoa vikahama kwa adabu. Margareta alitazama picha ile, akakaa chini kwenye majani akalia kwa furaha. Tulilia naye, tusikudanganye.

OMBI

Mheshimiwa, tumezoea risala zinazoomba mambo kumi na wageni wanaoahidi yote kumi. Sisi tuna moja. Vipimo viko mezani kwako, kurasa sita, pamoja na nafasi ya sahihi. Visome. Ukiona kosa, sema, tutapima upya, na daraja libaki limefungwa. Ukiridhika, tia sahihi watu wavuke.

Tunakutaarifu pia kwamba ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, na mtori wa ndizi na nyama vimeandaliwa ng'ambo, kwa Bibi Aika, na gari halifiki huko. Ndiyo, mheshimiwa, tumekutega. Lakini hatutakutanguliza. Tutaingia kwanza sisi wanne, tusimame katikati kabisa, juu ya boriti ya tatu, Margareta akiwa mbele. Bibi Aika amekwisha kuvaa. Amesimama pale ng'ambo tangu saa moja asubuhi, anasubiri kumpokea mwanawe.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, na aubariki zaidi mkono ule unaoandikia.

Ni sisi,
Kikundi cha Wapima Boriti, Moshi