Mafuta ya Mgeni: Kumkumbuka Jecinta Wangu, Kapteni wa Jericho

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria motoni, punguza moto kidogo ukae nasi. Leo tunamkumbuka Jecinta Wangu. Wengi mtaani Jericho, jijini Nairobi, hawakumjua kwa jina hilo. Wazee walimwita Mama Nyawira. Vijana walimwita Kapteni. Jecinta Wangu, Mama Nyawira, Kapteni: huyo ni mtu mmoja.

Mama huyu hakuwahi kupanda ndege maishani mwake. Lakini karibu kila siku alirusha ndege kubwa za abiria, akiwa ameketi sebuleni kwake, mbele ya kompyuta. Ni mchezo, ndiyo, ila mchezo wenye masharti. Upepo wa mbele unakuchelewesha. Ukungu unafunga uwanja. Na mafuta yakiisha, yameisha.

Kazi yake ya zamani ilikuwa upishi, katika jiko moja lililoandaa chakula cha abiria wa ndege. Alifunika wali na kuku kwenye visahani, akaviona vikipakiwa, vikaenda asikokujua. Alipostaafu, binti yake Nyawira alikuwa ameolewa Nakuru na kuacha kompyuta nyumbani. Mama akaanza kuigusagusa. Mumewe, Mzee Mbugua, fundi wa sofa pale karibu na soko la Jericho, alidhani ni jambo la wiki moja. Wiki ikapita. Mwishowe Mzee akashika sindano, akamshonea kiti cha rubani kwa kitambaa cha rangi ya maruni kilichobaki kwenye sofa ya mteja.

"Asubuhi nilikuwa namuuliza, leo unaenda wapi?" Mzee Mbugua anatuambia. "Anajibu, Kisumu. Lakini nitakuwa nimerudi kupika."

Aliyemfundisha mengi ni Salad, kijana mwenye duka la kompyuta Eastleigh, naye ni mpenzi wa mchezo huo. Salad ndiye aliyemweleza hesabu ya mafuta. Unaweka ya kukufikisha uendako. Unaongeza ya kwenda uwanja mwingine, iwapo wa kwanza umefungwa. Kisha unaweka akiba ya mwisho, ambayo rubani mwenye akili haigusi. Mama Nyawira akasikiliza yote, akakubali yote, halafu akaongeza fungu la nne, la kwake mwenyewe. Aliliita mafuta ya mgeni.

Wasikilizaji wapendwa, hapa naomba tusikilize vizuri, maana hadithi yote imekaa hapa.

Jericho watu hubisha hodi bila kupiga simu kwanza. Mama Nyawira hakutaka kumwacha mtu mlangoni, na pia hakutaka kusimamisha mchezo. Alisema angani hakuna kusimama. Kwa hiyo hodi ikibishwa, aliiamuru ndege izunguke juu ya sehemu moja, kama kipanga, naye akaenda kufungua mlango na kumimina chai. Ndege inamsubiri. Mgeni akiondoka, anarudi kitini na kuendelea na safari.

Salad alikuwa akimcheka. "Mama, ndege ikibeba mafuta mengi inakuwa nzito. Ikiwa nzito inakula mafuta zaidi. Unanunua njaa."

"Na mgeni akija nimwambie nini? Rudi kesho, nabana mafuta?"

"Mgeni gani anakaa saa zote hizo?"

"Wewe," akamwambia. "Jumamosi iliyopita ulimaliza chapati, nikatua na tangi kavu."

Kulikuwa na jambo moja tu lisilosubiri: kutua. Akiwa anatua, hata mumewe hakufunguliwa. Majirani wote wa ploti walilijua hilo. Ukibisha ukakosa jibu, jua Kapteni anatua. Rudi baadaye.

Sasa tufike siku yenyewe. Asubuhi hiyo Mzee Mbugua alikuwa anafunga viatu. Mkewe alikuwa ameshika kikombe, hanywi. Akasema, "Nimechoka, Baba Nyawira." Mzee akamwambia apumzike, akaenda zake kibandani kwake kushona sofa. Hakugeuka. Mtu hageuki kwa sababu ya neno kama hilo.

Mchana, jirani yao Akech akaja mbio hadi kibandani, leso imemteleza begani. Hakusema lolote la maana. Alisema tu, "Baba Nyawira, twende. Twende nyumbani."

Walimkuta Jecinta ameketi kwenye stuli karibu na mlango, kichwa kimeegemea ukuta, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Daktari alisema ni moyo. Mzee anakumbuka kwamba aliitafuta ile ndara nyingine kwa bidii sana, huku watu wakimwambia twende, gari linangoja. Alitaka kwanza apate ndara.

Jioni nyumba ilikuwa imejaa. Akina mama wa kanisa walikuja na thermos za chai. Mmoja wao aliona mwanga kwenye meza ya pembeni, na kwa kuwa runinga haiwashwi msibani, akatupia leso juu ya kile kioo. Hakuna aliyeangalia kilichokuwa kikionyeshwa.

Ndipo ukasikika mlio. Ting. Kisha kimya.

"Tokeni za umeme zinaisha," mtu akasema. "Stima itapotea watu wakiwa hapa."

Tokeni zikanunuliwa, mita ikalishwa namba zake. Wakakaa. Ting.

Watu wakaangalia simu zao. Mama mmoja akachungulia ndani ya mkoba wake kana kwamba ana hatia. Mwingine akasema labda ni mita ya jirani. Mzee Mbugua alikaa katikati ya yote hayo, hajui kama mlio uko nyumbani au uko kichwani mwake.

Salad alifika baada ya sala ya magharibi. Alikuwa anavua viatu mlangoni mlio uliposikika tena. Akabaki na kiatu kimoja mkononi.

"Nani ameacha ndege angani?" akauliza.

Watu wakatazamana. Salad akaingia, akaomba radhi, akainua ile leso. Kwenye kioo, ndege ilikuwa inazunguka karibu na Nairobi. Chini yake kulikuwa na maandishi ya manjano, na Salad akayasoma kwa Kiswahili: mafuta yamepungua, tangi la kushoto, mafuta yamepungua, tangi la kulia.

"Izime tu," mwanamume mmoja akasema. "Chomoa hapo ukutani."

"Usiguse," Mzee Mbugua akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu arudi.

Wasikilizaji wapendwa, hebu tukae moyoni mwa mzee huyu kidogo. Kuhusu ndege alijua jambo moja tu: mkewe hasafiri bila mafuta ya ziada. Sasa anaambiwa mafuta yanaisha. Mtu wa namna gani huondoka na mafuta kidogo? Ni yule asiyepanga kurudi. Na asubuhi alikuwa amesema amechoka. Mzee akaunganisha mambo hayo mawili, na yalipoungana, akaanza kulia. Alijiuliza, je, mke wangu alikata tamaa nami nikifunga viatu?

"Mzee, nipe ruhusa niishushe," Salad akasema.

"Ishushe."

Salad akaketi kwenye kile kiti cha maruni. Akina mama wakasogea nyuma yake. Mmoja akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

"Kuna watu ndani?" Akech akanong'ona.

"Hakuna. Ni mchezo," Salad akajibu bila kugeuka.

"Sasa tunaombea nani?"

"Endeleeni tu, Mama. Maombi hayadhuru."

Taa za uwanja zikatokea kwa mbali. Ndege ikateremka, ikayumba kidogo, magurudumu yakagusa. Sebule nzima ikashusha pumzi. Mtu akapiga makofi mara moja, akakumbuka yuko msibani, akaacha.

Mzee Mbugua akauliza lile swali. "Salad, niambie ukweli. Alitoka bila mafuta?"

Salad akafungua kumbukumbu ya safari kwenye kioo. Akatazama, akatazama tena.

"Hapana, Mzee. Alijaza ya kufika, ya uwanja wa pili, akiba, na ya mgeni juu yake. Mengi, wallahi, kama kawaida yake. Ndege ilifika karibu na Nairobi mchana, na yeye mwenyewe akaiamuru izunguke. Imezunguka tangu wakati huo. Mafuta yameisha kwa kumsubiri."

"Alisema amechoka."

"Mtu aliyekata tamaa hasubirishi ndege, Mzee. Anaiacha iende."

Mzee bado hakuelewa. Kama ndege ilizungushwa, basi kulikuwa na mgeni. Akageukia watu. "Nani alikuja hapa mchana?"

Akech akaanza kulia, kilio cha mtu aliyejaribu kukizuia tangu mchana. "Mimi," akasema. "Nilikuja mara mbili. Mara ya kwanza nilibisha, nikakosa jibu. Nikasema Kapteni anatua. Nikarudi kwangu, Baba Nyawira. Nilirudi nikaosha vyombo."

Mzee Mbugua aliangalia stuli iliyo karibu na mlango. Akaangalia kiti cha maruni. Ni hatua chache tu kati ya hivyo viwili. Akaona jinsi mkewe alivyosikia hodi, akaizungusha ndege, akatafuta ndara, akaipata moja.

"Akech," akasema. "Alikuwa anakuja kukufungulia."

"Ndiyo maana nalia."

"Ndiyo maana mimi naacha kulia."

Jecinta Wangu alizikwa Murang'a, na ndara zake zote mbili zilipatikana. Moja ilikuwa chini ya meza ya kompyuta. Nyawira anasema baba yake sasa huenda Eastleigh kwa Salad, ajifunze japo kuizungusha ndege. Kutua bado. Tulipomuuliza Mzee kuhusu lile neno la asubuhi, alifikiri sana.

"Nilililia neno lile jioni ile," akasema. "Kumbe alikuwa amechoka tu, jinsi mtu anavyochoka."

Kwa Mzee Mbugua, kwa Nyawira, kwa jirani Akech na kwa wote wa Jericho waliowahi kunywa chai ya Kapteni, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mnapopanga siku yenu ya kesho, msiijaze hadi ukingoni. Bakizeni kidogo kwa ajili ya atakayebisha. Na ukibisha kwa mtu usijibiwe, kabla hujarudi kwako, bisha tena.