Mayala, Aliyetua Mzigo wa Mwisho

Mzee Mayala amestaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka ishirini na minane ya kubeba marobota katika ghala letu la tumbaku hapa Tabora. Ofisi imetuomba sisi makuli tuandike wasifu wake kwenye jarida, na tuuchangamshe. Tumejaribu.

Alitoka Kigwa akiwa kijana, akafagia ghala, akabeba, akawa nyapara wetu. Kila robota aliliita mama mkwe, akisema ndiyo sababu analiinua kwa adabu.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutunza safu, yaani msururu wetu wa kubeba. Katika safu hakuna anayeinua mzigo mpya mpaka wa mwisho awe ametua wake. Wazee wa hapa husema desturi hiyo ni ya wapagazi wa misafara. Mayala alitembea mwisho, pamoja na aliyechoka au anayeumwa. Sisi tuliotoka mbali tulifika na homa zetu, naye akatembea nyuma yetu bila kutuuliza kabila.

Mwaka jana waliletwa watengeneza programu wawili, Yasmini na Adriano, waandike programu ya simu ya kuhesabu mizigo. Walikaa nasi kwenye kivuli cha behewa wakabishana. Yasmini alishika nadharia ya uamilifu: kundi ni kama mwili, na kila desturi ina kazi inayoufanyia. Safu inazuia watu kuumia, kwa hiyo programu ihesabu safu nzima. Adriano alishika nadharia ya migogoro: kazini kuna wanaovutana, na anayeandika programu aulize kwanza nani atafaidi. Alisema safu ni nzuri, lakini mgonjwa anasaidiwa na makuli wenzake ilhali anayepaswa kumpumzisha ni tajiri mwenye ghala.

“Basi mwanangu,” Mayala akamwambia Yasmini, “huo mwili wako una tumbo moja, na si letu.”

Yasmini alicheka kuliko sote. Tuliona wote wawili wanasema kweli. Wakubwa hawakumsikiliza yeyote kati yao. Waliagiza programu ihesabu mtu mmoja mmoja.

Kwa hesabu hiyo Mayala akawa wa mwisho kila siku. Yasmini alipiga simu ofisini kumtetea, hakujibiwa. Mzee alitaka kubeba miaka miwili zaidi, akaambiwa inatosha. Sasa tunapitana, kila mtu na hesabu yake. Mwenzetu Modesti, aliyerudi juzi kutoka kuugua, huachwa mlangoni na robota lake.

Siku ya mwisho ya Mayala, sote tulikuwa tumeshatua. Tukasimama mikono mitupu mpaka naye akatua. Simu zikaandika, mtu mmoja mmoja, kwamba safu nzima imezembea. Kesho yake hatukumsubiri mtu.

Asante, Mzee Mayala. Huko Kigwa ulikorudi tunakuombea siku njema, na mtu wa kutembea nyuma yako.