Gari la Wagonjwa Linalosaga Likipanda Mlima

KARIBU

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Andriamparany, mfadhili wa gari la wagonjwa la mtaa wetu, wazee, mafundi, na ninyi mliomaliza vitumbua kabla mgeni hajafika: sisi wakazi wa Andohavary, huku bondeni kwenye mashamba ya mpunga, chini kabisa ya Antananarivo, tunakukaribisha. Tulikutazamia asubuhi, umefika alasiri. Si kitu, kukaa tumezoea.

Desturi yetu yamtaka msemaji aanze kwa kuomba radhi, kwamba yeye ni mdogo, hajui kusema, na lawama zote zimpite kando. Leo radhi tumeihamishia mwisho. Wazee wamenuna kweli kweli, lakini tumekubaliana hivyo na sababu utaisikia. Pia utakuwa umeona kwamba gari ulilokuja kulikagua halipo hapa uwanjani. Hilo nalo tutalifikia. Tunakuomba tu usifunue kitambaa cheupe kilicho mezani mbele yako mpaka tumalize kusoma.

HISTORIA

Kabla ya gari, mgonjwa wetu alibebwa kwenye kiti cha mbao, wanaume wanne wakipokezana kwenye ngazi za mawe, mpaka hospitali kule juu. Hanitra, mke wa dereva wetu Solofo, alibebwa hivyo na mimba yake ya kwanza, mvua ikimpiga usoni. Hawakuwahi. Yule mtoto tulimzika sisi wenyewe, kwa hiyo faida ya gari hatuhitaji kuelezwa na mtu.

Ukatuletea gari. Tulicheza mpaka viatu vikaachia soli. Siku ile ile watu wako wakaja na kibao cha chuma chenye jina lako, wakakifunga kwenye sakafu ya nyuma, penye mlango, ili mlango ukifunguliwa jina lionekane kabla ya mgonjwa. Wakatumia boliti ndefu zilizopenya hadi chini ya gari, eti wezi wasikiibe. Na sisi tukapiga makofi.

MAFANIKIO

Gari linashuka vizuri sana. Solofo, kama madereva wote wa mji huu, akianza kuteremka anazima injini ili kubana petroli, na hapo gari huteleza bila hata mlio. Laiti sisi tungeishi juu na hospitali ingekuwa bondeni, risala hii ingeishia hapa.

CHANGAMOTO

Sisi tunaishi bondeni, Mheshimiwa. Kwenda hospitali ni kupanda. Na Solofo akikanyaga mafuta tu, gari likiwa na mgonjwa na wauguzaji wake, kule nyuma kunasaga krrrr, meno yanakufa ganzi.

Akaja fundi wako, Bwana Ramanitra. Aliwasha injini papa hapa kwenye tambarare, akatega sikio.

"Mbona kimya?"

"Kwa sababu limesimama, Bwana! Twende mlimani."

Mlimani hakwenda. Alibadilisha beringi za magurudumu. Krrrr. Akabadilisha klachi. Krrrr. Akashusha gia boksi, gari likalala juu ya matofali mpaka kuku wakaanza kutagia ndani. Akairudisha, na kelele ikawa ile ile! Jamani, mtu anachoka.

Solofo akaamua kupima mwenyewe. Alipanda na gari tupu, kelele ikawa ya mbali. Akapakia magunia ya mchele, ikakua. Akampakia na Mama Voahangy, huyu anayekusomea, ambaye Mungu hakumnyima mwili, ikawa balaa.

"Kumbe tatizo ni mimi?" aliuliza.

"Tatizo ni uzito, Mama. Lala hapo sakafuni usikilize."

Mama Voahangy akalala kifudifudi, sikio chini.

"Kanyaga, Solofo!"

"Nakanyaga!"

"Kanyaga, wewe, unapapasa nini? Hee! Simama! Simama! Kinanisagia hapa hapa sikioni!"

Sikio lake, Mheshimiwa, lilikuwa juu ya jina lako.

Solofo akaingia uvunguni. Gari likibeba uzito na kukanyagwa mafuta, nyuma hukaa chini, na propela shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha magurudumu ya nyuma, husogea juu. Huko juu boliti zako zilikuwa zikiisubiri. Zilikuwa zimeng'aa ncha zote, na shafti imechimbwa mfereji kuizunguka. Mfereji ule ukiendelea kuliwa, siku moja shafti itakatika katikati ya mlima na mgonjwa yumo ndani.

Tukamwita Bwana Ramanitra aone. Hakuinama hata kidogo.

"Nimeona tangu siku ya kwanza," alisema. "Nani wa kumwambia mkubwa kwamba kibao chake ndicho kinachosaga? Wewe?"

"Basi fungua. Ni boliti nne tu."

"Atakayekigusa bila ruhusa hana kazi. Nina watoto, Solofo."

"Na mimi bado namtafuta wa kwanza!"

Ruhusa tuliiomba ofisini kwako. Tukaambiwa tusubiri siku ya sherehe, na gari likaegeshwa. Kile kiti cha mbao tukakitoa tena darini.

OMBI

Hapa paliandikwa ombi letu moja: utupe ruhusa ya kufungua boliti nne. Tumelifuta.

Hanitra alishikwa na uchungu leo asubuhi, tukiwa tumejipanga na maua kukusubiri. Solofo alitazama barabara utakayokujia. Akamtazama mkewe. Akachukua spana, akajitosa uvunguni na suti yake ya sherehe.

"Watakufukuza," Hanitra alimwambia.

"Panda garini."

RADHI

Wakati unavishwa shada, simu iliingia. Solofo anasema gari lilipanda kimya, njia nzima alikuwa akimsikia mkewe anavyopumua. Wamewahi. Ni mtoto wa kike, na ana sauti, tumemsikia sote.

Sasa tunaomba radhi, kwa magoti mawili, sisi sote na si Solofo peke yake. Waweza kufunua kitambaa. Ni kibao chako, tumekisugua kinang'aa, na tutakitundika ukutani, mlangoni, popote utakapo, ila si kwenye sakafu ya gari.

Solofo yuko njiani kurudi. Tunakusihi akukute. Ukiwa na mkono wa kumpa, mpe. Na ukiwa umeamua kumfukuza kazi, basi mfukuze mbele yetu, kwa kipaza sauti hiki hiki, umweleze na sababu.

Mungu na wazee waliotangulia wakulinde, wakujalie uzao na afya, na siku utakapobebwa wewe, gari lako lipande kimya.

Ni sisi,
Wakazi wa Andohavary